Nyuki Asiye na Asali: Wema Usioonekana Una Maana Gani?



Kijana mwenzangu, leo nina swali moja tu. Ukifanya jambo jema, halafu asilione mtu, asikushukuru mtu, na wewe mwenyewe usije ukayaona matunda yake, je, jambo hilo lina maana?

Najua jibu tulilofundishwa: ndiyo, lina maana, Mungu anaona. Lakini tusikimbilie jibu la darasa la kipaimara. Tuangalie kwanza tunavyoishi. Tukichangia damu, tunapiga picha. Tukienda na kikundi kutembelea watoto yatima, hata sala ya kufunga haijaisha, mtu ameshaweka picha kwenye status. Tukimwaga jasho mwaka mzima kwenye kwaya, halafu siku ya shukrani jina letu likarukwa, moyo unauma kweli, na kuna wenzetu ambao hiyo ndiyo ilikuwa siku yao ya mwisho kuonekana mazoezini. Siwacheki. Binadamu anapenda kuonekana, ndivyo tulivyo, na kuonekana peke yake si dhambi. Ila swali linabaki palepale: kile kisichoonekana, je?

Na hili si swali la vitabuni. Kuna dada anamuuguza bibi yake kijijini, na bibi mwenyewe siku hizi hata jina la mjukuu wake halikumbuki. Kuna kaka anaendesha bodaboda kulipa ada ya wadogo zake, na wadogo wanadhani ada inatoka kwa mjomba. Kuna kijana anayefundisha watoto dini kila Jumamosi, watoto ambao mwakani watahama, wala hatajua kama walibaki na Kristu au la. Wengi wa hawa wamechoka. Kinachowachosha zaidi ya kazi yenyewe ni hilo swali. Wanajiuliza kimoyomoyo: hivi ninachofanya kina maana, au najidanganya?

Kwa ajili yao, twende bustanini kidogo.

Nyuki tunaowasifu na nyuki tusiowajua

Nyuki wa asali ana sifa zake, tena mpaka kanisani. Kitabu cha Yoshua bin Sira, sura ya 11, kinamtumia nyuki kutufundisha tusimdharau mtu kwa umbo lake dogo, na sababu inayotolewa ni utamu wa kile anachokitoa. Usiku wa Pasaka, shemasi anapoimba Mbiu ya Pasaka, nyuki wanatajwa, maana nta yao ndiyo iliyotengeneza ule mshumaa. Mtakatifu Ambrosi, Askofu wa Milano aliyefariki mwaka 397, ni msimamizi wa wafuga nyuki. Kwa kifupi, mwenye asali ana watu wa kumsemea.

Lakini je, unajua kwamba nyuki wengi hawana asali ya kurina? Wataalamu wameshatambua zaidi ya aina 20,000 za nyuki duniani, na sehemu kubwa ya aina hizo hawakai kwenye mzinga. Hawana malkia. Hawana jeshi la watenda kazi. Kila jike ni mama, ni fundi, ni mlinzi na ni mtafuta chakula, yote kwa mkupuo mmoja. Anaishi peke yake, anajenga peke yake, na chumba anachokijenga hakina kitu ambacho mimi na wewe tungeenda kuiba.

Umewahi kuwaona, ila hukujua kuwa ni nyuki. Ulidhani ni nzi, au nyigu. Kwenye bustani za huku kwetu wapo tele. Yupo yule mkubwa mweusi anayetoboa boriti za paa na kuacha unga wa mbao chini, ambaye wengine humwita nyuki seremala. Yupo mwenye mistari ya buluu inayong'aa tumboni, anayetulia hewani mbele ya ua kisha anaruka kama risasi. Huyu huchimba kiota chake ardhini au kwenye ukuta wa udongo. Na yupo mkata majani. Ukiona majani ya mwaridi yamekatwa vipande vya mviringo safi kabisa pembeni, kama yamekatwa kwa mkasi, usiwalaumu watoto wala viwavi. Ni yeye.

Tena usiogope. Madume ya nyuki hayana mwiba kabisa, na majike wa peke yao ni nadra kumuuma mtu asipobanwa au kushikwa. Unaweza kukaa na kumtazama kwa muda unaotaka.

Kazi ya mama mkata majani

Mtazame huyu wa mwisho. Saa tatu au saa nne asubuhi, jua likishapata nguvu, jike anatafuta tundu: mwanzi mkavu, tundu la msumari, ufa wa mbao, hata tundu la kufuli. Akilipata anakwenda kwenye jani, anakata kipande, anakikunja chini ya mwili wake na kuruka nacho. Anarudi tena, na tena. Vile vipande anavipanga ndani ya tundu mpaka vinakuwa kikombe kidogo.

Kisha inaanza kazi ya chakula. Nyuki wa asali hubeba chavua miguuni. Huyu anaibeba kwenye manyoya ya chini ya tumbo, ndiyo maana utamwona tumbo limegeuka njano. Safari baada ya safari, anachanganya chavua na maji matamu ya maua, anatengeneza donge. Anapima kiasi kinachomtosha mtoto mmoja mpaka akue. Anataga yai moja juu ya donge hilo. Anafunika kikombe kwa vipande vingine vya majani. Halafu anaanza kikombe cha pili, mbele ya kile cha kwanza. Mayai yatakayokuwa majike huwa nyuma kabisa ya tundu, na ya madume karibu na mlango, kwa sababu madume ndiyo hutangulia kutoka. Tundu likijaa, analiziba mlangoni.

Basi. Amemaliza. Anakwenda zake kutafuta tundu lingine.

Angalia sasa kitu hiki: hafungui tena. Harudi kuangalia kama yai limeanguliwa. Maisha ya jike aliyekwisha kukomaa ni ya wiki chache tu, na mara nyingi anakufa kabla mtoto hajatoka. Ndani ya giza, buu anaamka, anakuta chakula kimewekwa, anakula, anakua, anabadilika umbo, na siku moja anatafuna kizibo na kutoka kwenye mwanga. Mama aliyemwandalia hajawahi kumwona. Yeye naye hajawahi kumwona mama.

Na wakati mama huyo alipokuwa akihangaika na chavua, kuna jambo lingine lilitendeka bila yeye kulikusudia. Maua yalichavushwa. Chukua mfano wa nyanya na bilinganya. Ua la mimea hiyo huficha chavua ndani ya vifuko vyenye vitundu nchani, kama kichupa cha chumvi cha mezani. Bila kutikiswa, chavua haimwagiki vizuri. Nyuki wa asali, pamoja na sifa zake zote, hajui kulitikisa ua hilo. Seremala na yule wa mistari ya buluu wanajua: wanalikumbatia ua, wanatetemesha misuli ya mabawa, unasikia mvumo mkali wa ghafla, na chavua inamwagika. Utafiti uliofanyika Nguruman, kusini mwa Kenya, na kuchapishwa mwaka 2008, uliwaonyesha nyuki wa porini wanaoishi peke yao, akiwemo seremala, kuwa ndio wachavushaji wakuu wa bilinganya za wakulima wa pale. Pasheni nayo inamtegemea sana seremala, kwa sababu ua lake ni kubwa na nyuki mdogo huchota utamu bila kugusa panapotakiwa.

Kwa hiyo mezani kwako kuna kazi ya mtu ambaye hujawahi kumsalimia. Naomba ukumbuke sentensi hii, tutairudia mbele.

"Lakini nyuki hajui anachofanya"

Hapa msomaji makini atanisimamisha. Atasema: ndugu, huyo nyuki hajitoi sadaka. Hajui kama atakufa. Hajui kama kuna mtoto. Ameumbwa hivyo tu. Ukimsifu kwa unyenyekevu ni sawa na kuisifu mvua kwa ukarimu.

Ni kweli. Na Kanisa halijasema vinginevyo. Mtakatifu Thomas wa Akwino alieleza kwamba kondoo anapomkimbia mbwa mwitu, anaamua kwa msukumo wa maumbile, si kwa uamuzi huru; binadamu peke yake ndiye anayepima, analinganisha, na anaweza kuchagua hili au lile. Kwa hiyo nyuki hana fadhila. Nyuki si mtakatifu.

Tena kuna pingamizi kubwa zaidi ya hilo. Ukikaa bustanini muda mrefu utamwona nyuki mwingine, mweusi mwenye madoa ya buluu, mzuri ajabu, pengine mzuri kuliko wote. Huyo hachimbi wala habebi chavua. Anamvizia yule wa mistari ya buluu akitoka, anaingia kwenye kiota chake na kutaga yai lake humo. Mtoto wa mgeni anakula chakula kilichoandaliwa kwa ajili ya mtoto wa mwenye nyumba. Hata mkata majani ana mwizi wake wa namna hiyo. Sasa kama tunajifunza maadili kwa kuangalia wadudu, kwa nini tujifunze kwa mama mchapakazi na tusijifunze kwa mwizi? Wote wawili ni viumbe wa Mungu. Wote wawili wanafanya walivyoumbwa.

Wahubiri wengi hupita hapa haraka. Tusipite haraka. Ukweli ni kwamba bustani haitoi amri. Huwezi kusema "nyuki anafanya hivi, basi na mimi nifanye hivi". Ukienda kwa njia hiyo utafika popote unapotaka, hata kwenye wizi.

Basi bustani inatusaidia nini? Inatusaidia kuliona swali letu vizuri. Kwenye maisha yetu, wema na sifa vimechanganyika mno, hata hatujui kipi ni kipi. Kwa mkata majani vimetengana kabisa. Pale hakuna shukrani, hakuna mashahidi, hakuna malipo. Pana donge la chavua na yai. Sasa jiulize: je, lile donge ni zuri? Bila shaka ni zuri, tena ni la lazima, maana bila hilo buu angekufa. Uzuri wake unatoka wapi? Unatoka kwa yule atakayelila. Hautoki kwa aliyeliandaa kupigiwa makofi.

Hapo ndipo kosa letu linapoonekana. Tunapouliza "wema huu una maana gani kama hakuna anayeniona?", tumeshaugeuza wema kuwa mali ya mtendaji. Lakini wema unakwenda kwa mpokeaji. Bibi aliyegeuzwa kitandani asipate vidonda, hajapata vidonda. Hilo limetendeka, limekamilika, ni kweli, hata kama hakumbuki ni nani aliyemgeuza. Mtoto aliyelipiwa ada amekaa darasani. Kusahauliwa kwa mtoaji hakukifuti kilichotolewa.

Je, tumebadilisha watazamaji tu?

Swali bado halijaisha. Katika Injili ya Mathayo, sura ya 6, Bwana wetu anatuambia tutoe sadaka, tusali na tufunge kwa siri, na Baba aonaye sirini atatujazi. Sasa mwenye akili ya ubishi atasema: kumbe ni yaleyale! Badala ya kuwafanyia watu ili watulipe, tunamfanyia Mungu ili atulipe. Tumebadilisha watazamaji tu. Zamani walikuwa mia mbili mtandaoni, sasa ni mmoja mbinguni.

Pingamizi hili ni zito, na wengi wetu tunaishi imani ya namna hiyo bila kujua. Tunahesabu. Novena ngapi, sadaka kiasi gani, mbona bado sijapata kazi?

Lakini tazama tena lile tundu, safari hii si kwa upande wa mama. Tazama kwa upande wa buu. Anaamka gizani. Hajafanya chochote. Hajastahili chochote. Anakuta chumba kimejengwa, ukuta umezungushiwa majani, chakula kimepimwa. Hawezi kumlipa aliyeandaa; hayupo.

Kijana mwenzangu, huyo ni wewe. Kabla hujawa mama mwenye kuandaa, ulikuwa buu uliyeandaliwa. Hebu hesabu. Kuna mtu alikubeba kwenda kliniki kabla hujajua kusema. Kuna aliyechimba kisima ambacho kijiji chenu kinakunywa. Kuna katekista aliyewafundisha babu na bibi yako Ishara ya Msalaba, na leo hakuna anayelikumbuka jina lake. Nenda Bagamoyo, kwenye makaburi ya Misioni. Wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu walifika pale mwaka 1868, na pale makaburini wamelala vijana waliokufa mapema kwa homa, wengine wakiwa hawajafanya kazi ya kutosha hata kuandikwa kwenye historia. Mwaka 2018 waamini walikusanyika Bagamoyo kuadhimisha miaka 150 ya uinjilishaji wa Tanzania Bara. Wale waliolala pale hawakuona hata sherehe moja. Sisi ndio tuliotoka kwenye chumba walichokijaza.

Ndiyo maana jicho la Baba si jicho la mtazamaji wa onyesho. Mtazamaji anakaa kitini anasubiri ufanye, halafu anaamua kama atapiga makofi. Baba yeye alianza. Aliandaa kabla hatujaamka, na zaidi ya hapo, alimtoa Mwanae kabla hatujajua kusema asante. Miaka 30 hivi ya Yesu pale Nazareti ni miaka ya kazi isiyoandikwa: mbao, maji, mkate, sala, heshima kwa wazazi. Injili inaipita karibu yote kwa kimya. Mungu mwenyewe, alipokuja kwetu, sehemu kubwa ya maisha yake aliiweka pasipoonekana.

Kwa hiyo ukifanya wema wa siri, humkopeshi Mungu. Unapitisha mbele kile ulichokikuta. Nyuki anafanya hivyo bila kujua. Wewe unaweza kufanya hivyo ukijua, ukitaka, na huku ukiwa na uwezo wa kukataa. Hilo ndilo linalogeuza kazi kuwa upendo. Na ndilo linaloonyesha kwamba yule mwizi mzuri mwenye madoa ya buluu hana hatia, lakini mimi nikila chumba nilichoandaliwa na nisiandae kingine, ninayo.

Mtu aliyewaandikia ndugu ambao hawakuja

Yupo mtakatifu wa jambo hili. Charles de Foucauld alizaliwa Ufaransa mwaka 1858, akawa mwanajeshi, akaipoteza imani, akairudia mwaka 1886, akapewa upadre mwaka 1901, kisha akaenda kuishi katika jangwa la Aljeria, mwishoni huko Tamanrasset, kati ya Watuaregi. Alitaka kuishi maisha ya Nazareti: kazi, kuabudu Ekaristi, urafiki na majirani. Aliandika kanuni ya udugu wa kitawa akitumaini wenzake watakuja. Hakuna aliyedumu naye. Walioongoka kwa kazi yake walihesabika kwa vidole. Miaka mingi aliitumia kukusanya maneno ya lugha ya Watuaregi, na kamusi yake kubwa ilichapwa akiwa ameshafariki. Tarehe 1 Desemba 1916 aliuawa kwa risasi mlangoni kwake.

Ungekuwa mhasibu siku ile ungeandika sifuri. Mwaka 1933, vijana wachache wakiongozwa na René Voillaume wakaanza kuishi kwa kufuata roho yake, na leo Ndugu Wadogo na Dada Wadogo wa Yesu wapo katika nchi nyingi. Tarehe 15 Mei 2022 Papa Fransisko alimtangaza kuwa mtakatifu.

Lakini naomba tusikosee hapa. Isiwe kwamba maisha yake yalikuja kuwa na maana mwaka 1933, au mwaka 2022. Yangekuwa na maana vilevile hata kama asingekuja mtu. Mgonjwa Mtuaregi aliyepewa dawa alipewa dawa. Bwana aliyeabudiwa usiku jangwani aliabudiwa. Wafuasi ni zawadi iliyoongezwa juu.

Angalizo: usimfiche mwenzako

Kuna namna mbaya ya kulitumia fundisho hili, na lazima niiseme. Bosi asiyemlipa dada wa kazi anaweza kumwambia, "Thawabu yako iko mbinguni." Kiongozi wa kikundi anaweza kumtumikisha kijana mmoja kila wiki, halafu akilalamika anaambiwa hana unyenyekevu. Hapana. Waraka wa Yakobo, sura ya 5, unasema wazi kwamba ujira uliozuiliwa wa wavunaji unalia, na kilio chao kimemfikia Bwana.

Kanuni ni rahisi: siri ya wema ni ya kwangu kuichagua kwa ajili yangu. Sina haki ya kumlazimisha mwingine. Mimi nitoe bila kudai asante; lakini kwa mwenzangu nidai alipwe, ashukuriwe, atajwe jina. Anayejificha kwa hiari yuko na Kristu Nazareti. Anayefichwa na mwingine anaonewa. Na kama wewe unayesoma hapa umechoka kwa sababu mzigo umeachiwa peke yako, kuomba msaada si kukosa imani. Mwambie ndugu yako zamu ni yake. Hata huyu nyuki anayeishi peke yake anategemea maua na udongo, na ukuta wa jirani.

Twende kwenye vitendo

Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wa Laudato Si' wa mwaka 2015, alitukumbusha kwamba viumbe wengine wana thamani yao mbele ya Mungu hata kabla hatujauliza vinatufaa nini, na aliwataja hata wadudu wanaopotea kwa sababu ya sumu za mashambani. Kwa hiyo wiki hii nakupa mazoezi mawili, moja la bustani na moja la moyo.

La bustani: acha kipande kidogo cha ardhi bila kufagiliwa wala kusakafiwa, wapate pa kuchimba. Funga pamoja vipande vya mwanzi mkavu, upande mmoja uwe umezibwa na pingili, uning'inize ukutani mahali pasipoingia mvua. Kama nyumbani mnapuliza dawa kwenye nyanya, ongea na wazazi wasipulize asubuhi maua yakiwa wazi na nyuki wako kazini. Kisha kaa hapo dakika 15, simu ikiwa mfukoni. Usipige picha. Tazama tu. Na jioni ukipita, huenda ukakuta madume ya nyuki wa mistari ya buluu yamelala yamejipanga kwenye kijiti, kila moja limekiuma kijiti kwa taya. Hawana nyumba ya kurudi, hulala hapohapo.

La moyo: fanya jambo moja jema ambalo aliyefanyiwa hatajua limetoka kwako, na wewe usilisimulie popote. Hata kwenye jumuiya usilitaje.

Na haya ni maswali ya kutafakari:

1. Ni nani aliyeniandalia "chumba", ambaye sijawahi kumshukuru au hata kumjua?
2. Ni wema gani nimeuacha kwa sababu tu hakuna aliyeuona?
3. Je, yupo mtu nyumbani, kazini au kwenye kikundi chetu ambaye kazi yake tunaila kimya, na ambaye nafasi yake ya kushukuriwa au kulipwa iko mikononi mwangu?

Tusali: Ee Mungu Baba yetu, uliyetuandalia chakula kabla hatujaamka, utusamehe tulipokula bila kukumbuka. Uwape nguvu wote wanaohudumia gizani, na utufanye sisi tulio karibu nao tuwe macho kuwaona. Utujalie kutoa bila kuhesabu, kama Mwanao alivyoishi kule Nazareti. Anayeishi na kutawala nawe milele na milele. Amina.

Dada unayemuuguza bibi: usiku huu ukimgeuza tena kitandani, jua kwamba kazi hiyo imekamilika palepale, hata kama kesho atakuuliza wewe ni nani.